Kulala kwa Cheti cha Daktari

Kidonge changu cha usingizi kilikuwa cheupe, chembamba, kidogo kuliko punje ya haragwe, na katikati kilichorwa mstari wa kukigawia. Kwa miezi 11 nilikimeza kila usiku nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu ikiwa imekwisha zimwa na mlango umefungwa, kwa sababu niliambiwa kwamba nikishakimeza sina ruhusa ya kufanya jambo jingine lolote isipokuwa kulala. Wanaoniuliza habari za dawa hii hutaka jibu fupi: ilikusaidia au haikukusaidia? Jibu ninalo, ila si fupi, maana ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba nilichokuwa nikipewa kila usiku hakikuwa kile nilichodhani.

Kukosa usingizi kwangu kulikuwa na mwanzo unaojulikana. Mama yangu mzazi alifanyiwa upasuaji wa nyonga, nami kwa wiki sita nikalala kwenye godoro kando ya kitanda chake, nikiamka kila alipojigeuza, alipoguna au alipotaka maji. Mama akapona, akatembea kwa mkongojo, kisha bila mkongojo, nami nikarudi chumbani kwangu. Masikio yangu hayakurudi nami. Yaliendelea kumsikiliza mgonjwa ambaye hakuwepo tena. Nilipanda kitandani saa nne usiku nikiwa nimechoka taabani, na kichwa kilipogusa mto tu, usingizi wote uliokuwa umenielemea sebuleni ulitoweka. Saa sita, saa saba, saa nane, sikupata hata lepe. Ilifika mahali jua likianza kushuka jioni moyo unanidunda, kwa kuwa nilijua kitanda kinanisubiri.

Madaktari huhesabu hali hii kuwa maradhi ya kudumu inapotokea angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na kazi za mchana nazo zikaharibika. Nilipokwenda kumwona daktari nilikuwa katika mwezi wa tano. Ushauri wa ndugu na marafiki nauruka. Kila mtu ana dawa yake ya usingizi, na anayelala vizuri ndiye mwenye nyingi kuliko wote.

Dawa ya kwanza niliyoandikiwa ilikuwa diazepamu, miligramu 5 kila usiku kwa siku 10. Ni dawa kongwe, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Sitasema uongo: nililala usingizi wa pono. Taabu ilikuja mchana. Asubuhi ya nne nilisimama jikoni nikimimina maji ya moto katika kikombe kilichokuwa tayari kimejaa, nikiyatazama yakifurika mezani na kudondoka sakafuni, na mkono wangu ukaendelea kumimina kana kwamba haujapata habari. Baadaye nilielewa sababu. Mwili unaweza kuchukua hadi saa 50 kuondoa nusu tu ya diazepamu iliyomezwa, na ini linapoivunja hutengeneza kemikali nyingine inayofanya kazi ileile na kukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kidonge cha Jumanne hukikuta cha Jumatatu bado kimo, na cha Jumatano huwakuta wenzake wawili. Nilichokiita uchovu wa asubuhi kilikuwa akiba ya dawa iliyokuwa ikipanda siku baada ya siku.

Daktari akanibadilishia. Akaniandikia zolpidemu, miligramu 10, dawa ya kizazi kilichofuata, iliyopata kibali nchini Marekani mwaka 1992. Sifa yake kubwa ni kwamba haikai: nusu yake huondoka mwilini kwa takriban saa mbili na nusu. Dawa hizi mbili ni za ukoo tofauti, lakini hugonga mlango mmoja. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kama breki, na dawa hizi huifanya GABA iliyopo ishike kwa nguvu zaidi.

Usiku wa kwanza wa zolpidemu naukumbuka, na sababu ya kuukumbuka nitaieleza mbele. Nilimeza saa nne na nusu, nikafungua kitabu. Baada ya dakika kama 20 hivi mistari ikaanza kupanda na kushuka taratibu, kama kamba ya kuanikia nguo inayochezewa na upepo. Nikakilaza kitabu kifuani nipumzishe macho. Kilichofuata kilikuwa mwanga dirishani, na kitabu bado kifuani, ukurasa uleule. Ilikuwa kana kwamba mtu ameukata usiku kwa mkasi, akautupa, kisha akaziunganisha ncha mbili zilizobaki. Nilikaa kitandani nikalia kwa furaha.

Cheti cha kwanza kilikuwa cha wiki mbili. Miongozo ya kitabibu ya Ulaya ya mwaka 2017 inataka dawa za aina hii zitumike kwa muda mfupi, usiozidi wiki 4, na hata kijikaratasi kilichokuwamo ndani ya boksi kilisema hivyo kwa herufi ndogo. Lakini kila niliporudi kwa daktari mazungumzo yalikuwa yaleyale. Aliniuliza, "Unalala?" Nikajibu, "Nalala, daktari." Akaandika tena. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Namlaumu kidogo, nami najilaumu kidogo, kwa sababu kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimejifunza kuingia katika chumba chake nikiwa nimechana nywele vizuri na uso wa mtu asiye na tatizo, ili asije akapata wazo la kuninyima.

Kwani hofu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imehama tu. Zamani nilikihofia kitanda, sasa nilihofia karatasi ya vidonge kuisha. Nilivihesabu Jumapili jioni. Niliposafiri niliweka vitatu katika mkoba wa mkononi, vitatu katika begi na kimoja mfukoni, endapo mkoba na begi vingepotea kwa pamoja. Mtu aliyeniona angedhani nina maradhi ya moyo. Na polepole kidonge kilianza kuchelewa: dakika 20 zikawa 40, kisha saa nzima. Mara mbili, na hili sikumwambia mtu, nilimeza kimoja na nusu.

Katika mwezi wa saba wa kumeza kidonge niliamka nikakuta sare ya shule ya binti yangu imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wa sebule, imepigwa pasi vizuri, kola imesimama, mikunjo ya sketi imenyooka kama mistari ya daftari. Nilimshukuru mume wangu. Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia polepole, "Mama watoto, sare umepiga pasi wewe, saa saba usiku. Na shule zimefungwa." Nilicheka nikidhani anatania. Hakutania. Alikuwa ameamka kwa harufu ya kitambaa kinachoungua, akanikuta nimesimama mbele ya meza, macho wazi, nikipiga pasi kwa utulivu kamili. Nikamjibu maswali mawili kwa sauti ya kawaida, nikaiacha pasi imelala kifudifudi juu ya blanketi, nikaenda zangu kulala. Yeye ndiye aliyechomoa waya ukutani. Akanionyesha blanketi: alama ya kahawia, ncha moja imechongoka, umbo la pasi barabara. Niliweka kiganja changu juu yake nikijaribu kukumbuka. Hakukuwa na chochote cha kukumbuka, si giza wala ukungu. Mahali pa usiku ule palikuwa pamekatwa kwa mkasi uleule.

Siku hiyohiyo mume wangu aliihamishia pasi juu ya kabati, mahali ambapo mimi sipafikii bila kiti.

Nilipokwenda kuchukua dawa wiki ile, mfamasia, kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, alisoma cheti, akanitazama, akauliza, "Samahani mama, dozi hii ni yako wewe mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, na sijui ni kitu gani kilichonifungua kinywa, nikamsimulia habari ya pasi. Alitoka nyuma ya kaunta, akavuta kiti, akanieleza mambo mawili ambayo nilipaswa kuyasikia miezi saba kabla. La kwanza: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dozi ya zolpidemu inayopendekezwa kwa wanawake ipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili ya wanawake huiondoa dawa hii polepole zaidi, na asubuhi baadhi yao hubaki na kiasi cha kutosha kuwafanya wawe hatari barabarani. Mimi nilikuwa nikimeza 10 na kushika usukani saa moja asubuhi, watoto wakiwa kiti cha nyuma. La pili: mwaka 2019 mamlaka hiyohiyo iliweka juu ya dawa hii na ndugu zake onyo la daraja la juu kabisa, baada ya kupokea taarifa za watu walioinuka usingizini wakatembea, wakapika, hata wakaendesha magari, na wengine wakapoteza maisha. Onyo lenyewe linasema jambo hilo laweza kutokea hata kwa dozi ndogo, hata mara ya kwanza, na kwamba aliyewahi kutokewa nalo asiendelee na dawa.

Jioni nilimwambia mume wangu yote hayo, naye akaniambia jambo lililonishtua kuliko pasi. "Lakini wewe huamka," akasema. "Huamka karibu kila usiku. Hukaa kitako, huuliza saa ngapi, hunywa maji. Nilidhani unajua."

Sikujua. Kwa miezi saba nilikuwa nikitangaza kwamba ninalala kuanzia saa nne na nusu hadi alfajiri bila kukatika, na kumbe aliyekuwa na taarifa kamili ya usiku wangu alikuwa mtu wa upande wa pili wa kitanda.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio ya dawa za kundi hili yaliyowasilishwa kwa FDA, na katika vipimo vya maabara dawa ziliharakisha usingizi kwa dakika 22 kuliko kidonge bandia kisicho na dawa ndani yake. Dakika 22! Nilirudia kusoma nikidhani nimeruka tarakimu. Mtu aliyekesha hadi saa tisa usiku hasemi kwamba ameokolewa kwa dakika 22. Basi ule usiku uliokatwa kwa mkasi ulitoka wapi?

Jibu nililolipata, na ndilo ninalotaka kuliandika hapa, ni kwamba sehemu kubwa ya zawadi ya kidonge ilikuwa kusahau. Dawa hizi, pamoja na kutuliza, huuzuia ubongo kuandika kumbukumbu mpya kwa saa chache. Kila binadamu huamka mara kadhaa usiku, hata anayekoroma kwa raha. Tofauti ni kwamba yeye huamka kwa sekunde chache, akajigeuza, na asubuhi hana habari nazo. Mimi nilikuwa mhasibu wa usiku wangu. Kila nilipoamka niliandika kichwani: saa saba na robo, saa nane kasoro, na orodha hiyo ndiyo niliyoibeba mchana kutwa kama ushahidi kwamba nimeharibika. Kidonge kilimnyang'anya mhasibu kalamu.

Siidharau kazi hiyo. Wapo watakaosoma haya na kusema dawa hizi ni sumu, nami sitawaunga mkono. Ile asubuhi ya kwanza iliyoniliza ilikuwa ya kweli, na kwa mtu aliyefikia ukingo, wiki mbili za kusahau zinaweza kuwa kamba ya kumtoa kisimani. Malalamiko yangu ni kwamba niliachwa nimeshika kamba miezi 11, nikidhani ndiyo ardhi. Na kusahau hakuchagui: kalamu ileile iliyoacha kuandika kwamba niko macho iliacha pia kuandika kwamba nimewasha pasi.

Nilifanya kosa ambalo nadhani hufanywa na wengi: niliacha ghafla, siku ileile. Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili sikulala, na mwili uliwashwa kana kwamba nimelalia mchanga. Wa tatu niliona vivuli vikisogea pembeni mwa macho, nikanyanyuka, nikameza kidonge, nikalala, na asubuhi nikahitimisha kwamba maradhi yangu ni makubwa kuliko nilivyofikiri. Hitimisho hilo lilikuwa baya kuliko usiku tatu zenyewe. Dawa ya aina hii ikiondolewa kwa mkupuo, ukosefu wa usingizi hurudi kwa siku kadhaa ukiwa mkali kuliko ulivyokuwa kabla ya tiba. Ni deni la dawa, si kipimo cha ugonjwa. Lakini usiku wa manane nani atakutofautishia?

Aliyenitofautishia alikuwa daktari mwingine, mama wa makamo asiye na haraka, ambaye kikao chetu cha kwanza kilichukua saa nzima. Alinikanya kuhusu kuacha ghafla, akisema waliotumia dawa za namna hii kwa muda mrefu wanaweza hata kupata degedege. Akaishusha dozi hadi miligramu 5 papo hapo, akataka funguo za gari zilale kwa mume wangu na pasi ibaki juu ya kabati, kisha akapanga tuimalize dozi iliyobaki kwa wiki nane. Alinijaribishia pia amitriptilini ya miligramu 10, dawa ya sonona ambayo kwa kiasi kidogo huwapa watu usingizi. Nilikaa nayo siku tisa, kinywa kikavu kama nimelamba chaki, tukaiacha. Alinitajia suvoreksanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ambayo badala ya kukanyaga breki huondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, maana huizuia kemikali ya ubongo inayotufanya tuwe macho. Hiyo sikuitumia, kwa hiyo sina la kuisimulia.

Robo ya kidonge ni kitu cha kuchekesha. Nilikigawa kwa kisu kidogo juu ya sahani, kikaruka, kikavunjika vipande visivyolingana, na ungaunga ukabaki kwenye ncha ya kisu. Usiku mmoja nilijikuta nimelowesha kidole ninauokota ungaunga ule kwa ulimi, mama mzima mwenye watoto wawili. Nilimweleza daktari. Hakushangaa, aliandika tu.

Tiba yenyewe, ambayo vidonge vilikuwa vikiipisha njia, ilikuwa ya ajabu. Alinitaka niandike kwa wiki mbili muda ninaokaa kitandani na muda ninaokadiria nimelala. Nilikaa kitandani kwa muda wa saa nane na nusu, nikalala kwa muda wa kama saa tano. "Basi tutakupa saa tano," akasema. Nisipande kitandani kabla ya saa saba usiku, niamke saa kumi na mbili asubuhi hata kama sikulala, nisilale mchana, na nikikaa macho kitandani kwa muda unaoonekana kama robo saa au zaidi, nitoke nikakae kwingine hadi usingizi unirudie. Njia ya kubana muda wa kitanda ilielezwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987, na ile ya kukirudishia kitanda heshima yake ilitoka kwa Richard Bootzin mwaka 1972, nami niliyekuwa nimemeza mamia ya vidonge sikuwahi kusikia hata moja. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kilishauri kwamba tiba ya mazungumzo na mazoea inayokusanya mbinu hizi ndiyo ipewe kila mtu mzima mwenye tatizo la kudumu kwanza, kabla ya vidonge. Mimi nilipewa kwa mpangilio uliopinduliwa.

Sitaipamba. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zote. Nakumbuka nimekaa sebuleni saa tano na nusu usiku kwenye kiti kigumu nilichokichagua makusudi, kichwa kinadondoka, nanyanyuka, nanawa uso, nazunguka meza, narudi kukaa, huku kila kiungo kikinisihi nikalale. Katikati ya mzunguko wa tatu kuizunguka meza ndipo nilipotambua ninachofanya: mwaka mzima nimeusaka usingizi, na sasa nilikuwa naufukuza. Nilicheka peke yangu gizani. Ulipofika ule wakati niliopangiwa nilianguka kitandani na sikumbuki kuvuta shuka. Safari hii kusahau kulikuwa kwangu mwenyewe.

Kila nilipofikia kulala angalau asilimia 85 ya muda niliokaa kitandani, daktari aliniongezea dakika 15. Robo ya mwisho ya kidonge niliimeza Alhamisi moja bila sherehe yoyote. Karatasi mbili zilizobaki nilimrudishia yule mfamasia azitupe kwa utaratibu wao, na alipozipokea alizigeuza akasoma jina la dawa kana kwamba haijui, kwa adabu.

Sasa nalala kwa muda wa saa sita, wakati mwingine sita na nusu, na bado huamka. Wiki iliyopita niliamka saa tisa usiku, nikasikiliza, nikaona usingizi hauna nia ya kurudi haraka, nikatoka. Sebuleni kulikuwa na sare ya binti yangu kwenye kiti, kesho yake Jumatatu, shule wazi. Nilisogeza kiti hadi kabatini, nikapanda, nikaishusha pasi. Nilipiga sketi mkunjo mmoja mmoja, nikachomoa waya, nikaisimamisha pasi ipoe, nikarudi kulala. Asubuhi mume wangu alisimama mlangoni akiitazama sare, kisha akanitazama mimi, hakusema neno.

"Nakumbuka," nikamwambia.